Uunganishaji wa data za mfumo wa zamani na mpya

Uunganishaji wa data za mfumo wa zamani na mpya ni utaratibu wa kihasibu wa kukokotoa ripoti ya kipindi kimoja kwa kumbukumbu za mifumo miwili iliyopokezana. Huhitajika hasa biashara inapobadili programu ya hesabu katikati ya mwaka wa fedha. Msingi wake ni tarehe ya makabidhiano: kila muamala huhesabiwa upande mmoja tu. Kinachosumbua zaidi ni ankara iliyotolewa kabla ya tarehe hiyo na kulipwa baadaye. Ikihamishwa kama deni la mteja kisha ikaingizwa upya kama mauzo, mapato huvimba bila fedha kuongezeka. Wapo wanaoona kuhamisha salio la kufungia kunatosha. Kwa mizania, ndiyo. Kwa ulinganisho wa mwezi kwa mwezi, hapana, maana salio ni jumla isiyoonyesha lilivyojengeka. Wastani wa mifumo hiyo miwili nao haujumlishwi na kugawanywa kwa mbili: mauzo 100 ya wastani wa shilingi 2,000 na mengine 300 ya wastani wa shilingi 4,000 hutoa 3,500, si 3,000. Kanuni za uhasibu zenyewe zikibadilika, takwimu za nyuma hukokotolewa upya. Kwa mfano, kwa biashara inayoanza kutumia viwango vya kimataifa vya IFRS, kiwango cha IFRS 1 hudai walau mwaka mmoja wa takwimu za kulinganisha.