Makala Isiyoonekana na Mashine

Katikati ya miaka ya 1960, katika Maktaba ya Kongresi ya Marekani, Henriette Avram aliongoza kazi ya kuifanya kadi ya katalogi isomeke na kompyuta. Alikuwa mwanaprogramu, ukutubi hakuusomea. Wazo lililozaa MARC lilikuwa jepesi: jina la mwandishi lipewe namba yake, 100, kichwa cha kitabu kipewe 245. Mtu akiitazama kadi hutambua mara moja lipi ni jina na kipi ni kichwa, lakini mashine haitambui mpaka iambiwe. Mwaka 1969 tepu za rekodi hizo zilianza kusambazwa kwa maktaba nyingine.

Makala za majarida zilikawia, kwani katalogi ililitambua jarida zima, si kilichomo ndani yake. Itifaki ya OAI-PMH ya mwaka 2001 ndiyo iliyoiwezesha kompyuta moja kuvuna taarifa za makala kutoka nyingine. Mwaka 2003 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa muundo wa XML wa makala nzima, ambao mwaka 2012 ulikuja kuwa kiwango kiitwacho JATS. Humo jina la ukoo, ikisiri na kila rejea vina alama zake. Tena faili hilo ni maandishi matupu: programu iliyoliandika ikifa, lenyewe litasomeka. Ukurasa uliopigwa picha na kufungwa ndani ya PDF hauna dhamana hiyo.

Afrika haikukosa nyenzo. AJOL imekuwapo tangu 1998, na programu ya OJS, inayotumiwa na majarida mengi ya vyuo vyetu, hutolewa bure ikiwa na OAI-PMH ndani yake. Kwa hiyo hoja ya uhaba wa fedha, ambayo mimi mwenyewe nimewahi kuitoa vikaoni, ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba sehemu ya ikisiri huachwa wazi, na majina mawili ya mwandishi husukumwa katika kisanduku kimoja.

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliandika katika pendekezo lake kwamba mada yake haijawahi kutafitiwa kwa Kiswahili. Makala tatu juu ya mada hiyo zilikuwa kabatini mwangu. Katika mtandao zilikuwapo pia, kama picha. Nilipomwomba mhariri mafaili asilia, alinijibu kwamba yalibaki kwenye kompyuta ya mpigachapa aliyekwisha kustaafu.