Handaki la Upepo

Ndege aina ya Cessna Caravan zitokazo Unguja na kutua Chake Chake zina nguzo kila upande, inayotoka ubavuni na kulishikilia bawa kwa chini. Iangalie kwa karibu: si duara. Ni bapa, mbele imeviringana, nyuma imechongoka. Bomba la duara la unene huohuo lingeirudisha ndege nyuma kwa nguvu mara kadhaa zaidi, kwani hewa ikishalipita huvurugika. Mambo kama hayo hupimwa ndani ya handaki la upepo.

Hilo ni njia iliyozibwa pande zote, ambamo feni huvuta au kupuliza hewa, na katikati huwekwa mfano wa ndege uliofungwa kwenye mizani. Ndege haiendi popote, upepo ndio unaoijia. Kwa hesabu ya nguvu ni mamoja, na mvuvi wa Wete halioni hilo ajabu: boti ya mashine ikienda mbio siku ya shwari, upepo humpiga usoni ilhali pwani hata jani halitikisiki. Mizani husoma nguvu ya kuinua na nguvu ya ukinzani.

Mwingereza Francis Wenham alijenga la kwanza mwaka 1871. Mwaka 1901 Wilbur na Orville Wright, baada ya ndege yao isiyo na injini kuinuka kwa shida kuliko majedwali yalivyoahidi, walitengeneza sanduku la futi 6 huko Dayton, Marekani, wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200. Desemba 1903 waliruka. Chombo kirudicho kutoka anga za juu ni kazi nyingine: hushuka kwa kasi ya kilomita 7 na ushei kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake ikabanwa na kuwa moto mkali. Baadhi ya mahandaki ya kasi za namna hiyo hupuliza kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Wako wanaolikataa neno lenyewe, kwa kuwa handaki asili yake ni shimo la kujifichia vitani. Hoja ina uzito, lakini imechelewa: reli ya SGR inapita kwenye mahandaki huko Kilosa na kila mtu anaelewa. “Bomba la upepo” litamkumbusha msomaji pampu ya baiskeli, na “tuneli” haimwelezi kitu. Waandishi wa vitabu vya sayansi na watumie handaki la upepo, ila wasisahau kuitaja mizani, maana vipimo vya nguvu hutoka hapo.