Wakala wa marubani: Yaliyofichika katika mkataba

RUBANI anayetafuta kazi ng'ambo aghalabu haajiriwi moja kwa moja na shirika la ndege atakalolitumikia. Katikati huwa pana wakala, yaani kampuni inayomtafuta, inayomlipa na ambayo jina lake ndilo lililo kwenye mkataba. Shirika humpa rubani amri kila siku, lakini mzozo ukizuka humwambia kwamba mwajiri wake ni mwingine.

Swali la kwanza basi ni hili: mwajiri ni nani? Baadhi ya mawakala humtaka rubani afanye kazi kupitia kampuni ndogo iliyosajiliwa, kisha mkataba huandikwa baina ya kampuni hiyo na wakala. Kwenye karatasi yeye ni mfanyabiashara anayejitegemea. Hana likizo yenye malipo, hana malipo akiugua, na ushuru ni mzigo wake. Suala hili lilifika mahakamani nchini Uingereza, na mnamo 2023 mahakama ya rufani ya masuala ya ajira iliunga mkono uamuzi kwamba rubani aliyeendesha ndege za Ryanair kwa mpango wa aina hiyo alikuwa mfanyakazi mwenye haki zake. Alishinda, lakini baada ya miaka kadhaa ya kesi.

La pili ni kifungu kinachotaja sheria na mahakama zitakazoamua mizozo. Kifungu hiki huwekwa mwishoni, ambako msomaji amekwisha kuchoka. Wahudumu wa ndege waliokuwa na kituo Charleroi, Ubelgiji, walikuwa na mikataba iliyosema kuwa mahakama za Ireland ndizo zenye mamlaka. Septemba 14, 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kifungu hicho hakingeweza kuwazuia kushtaki mahali walipofanyia kazi kwa kawaida, na kwamba kituo cha mfanyakazi ni dalili muhimu ya mahali hapo. Kinga hiyo ni ya Ulaya. Mkenya anayekwenda Asia au Ghuba asidhani ataikuta huko.

Wengi hunaswa kwenye gharama za mafunzo. Rubani ambaye hajaidhinishwa kuendesha Boeing 737 au Airbus A320 huhitaji mafunzo ya ndege hiyo, nayo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Wakala au shirika likilipa, humfunga kwa miaka kadhaa. Tuseme deni ni dola 30,000 kwa miaka 3. Ikiwa linapungua kila mwezi, anayeondoka baada ya miezi 18 hudaiwa dola 15,000. Ikiwa mkataba hausemi kwamba linapungua, anaweza kudaiwa zote. Aulize pia: je, deni lipo hata akiachishwa na shirika lenyewe? Na je, akishindwa mtihani wa simuleta? Jibu la mdomo halitoshi, hata likitolewa kwa tabasamu.

Mshahara unaotangazwa nao una masharti. Mara nyingi huanza kulipwa kikamilifu baada ya rubani kupita majaribio ya mwisho ya safari, si siku anapowasili. Kusubiri leseni ya nchi ngeni kunaweza kuchukua miezi, na kodi ya nyumba haisubiri. Anayelipwa kwa saa za kuruka atafute idadi ya chini ya saa anazohakikishiwa. Isipotajwa, mwezi usio na safari ni mwezi usio na mshahara.

Ilani ya kuacha kazi husumbua vilevile. Mnamo 2017 India iliagiza manahodha wa ndege watoe ilani ya mwaka mmoja na wasaidizi wao miezi sita. Kwa upande wa pili, mkataba wa wakala huweza kukatika mara tu shirika linapositisha huduma zake. Mapema 2020, korona ilipozuka, baadhi ya mashirika ya China yaliwapa marubani wa kigeni likizo bila malipo. Jet Airways ya India iliposimama Aprili 2019, marubani wake walikuwa wakidai mishahara ya miezi.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa leba. Nao Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema kuwa wakala hafai kumtoza mtafuta kazi ada, ila pale mamlaka ya nchi inaporuhusu. Anayedaiwa pesa za 'kushughulikia faili' kabla hata ya mahojiano ana sababu ya kushuku.

Mwisho ni bima ya kupoteza leseni. Rubani hupimwa afya kila mara, na akikosa cheti haruki. Bima ikiwa ya wakala, kwa kawaida hukoma mkataba unapokoma, na anayegunduliwa ugonjwa wa moyo wiki moja baadaye hana pa kudai.