Chawa wa Kichwa na Chawa wa Nguo: Historia ya Hofu Moja Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Waswahili husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii imetumika kuhimiza ushirikiano kwa muda mrefu hata msemaji wake, mara nyingi, hamfikirii tena mdudu mwenyewe. Makala haya yanamrejea mdudu huyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba jina moja, chawa, limebeba wadudu wawili wenye mienendo tofauti, na kwamba anayeelekea kuumizwa na mchanganyiko huo ni mtoto wa shule, kwani hutwishwa hofu ya maradhi yasiyotoka kichwani mwake.

Chawa wa kichwa huishi katika nywele na hutaga mayai yake karibu na ngozi. Akianguka, hufa katika muda wa siku moja au mbili. Huhama vichwa vinapogusana, kama inavyokuwa kwa watoto wanaolala kitanda kimoja. Huwasha na kukosesha usingizi, lakini si yeye aenezaye milipuko ya homa ya taifasi. (Taifasi isichanganywe na homa ya matumbo.) Chawa wa nguo, kwa upande wake, hukaa na kutaga katika mishono ya mavazi, akaja mwilini kunyonya damu tu. Mwaka 1909, mjini Tunis, Charles Nicolle alithibitisha kwamba huyu ndiye mwenezaji wa taifasi, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1928. Vijidudu hutoka na kinyesi cha chawa, na mtu anapojikuna huingia katika mchubuko wa ngozi.

Jiografia ya Uvira yasaidia kueleza tofauti hii. Mji uko ufukoni, penye joto, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Mulenge na nyanda za juu za Itombwe, unafika penye baridi, ambako watu huhitaji nguo nzito na blanketi. Chawa wa nguo hustawi palipo na baridi, umaskini na uhaba wa maji ya kufulia. Urefu wa nywele haumhusu. Zaidi ya yote, hufuata vita, kwani mkimbizi huondoka na nguo alizovaa.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, wakimbizi wengi walivuka mpaka na kuingia Uvira na bonde la Ruzizi. Mwaka 1994 walifuata wengine kutoka Rwanda. Vita vya Oktoba 1996 viliwatawanya wote. Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, taifasi ilizuka mwaka 1995 katika gereza la Ngozi, kisha ikaenea katika kambi za waliohamishwa makwao. Kati ya Januari na Septemba 1997 walihesabiwa zaidi ya watu 45,000 walioshukiwa kuugua. Mlipuko huo umetajwa kuwa mkubwa kuliko yote tangu Vita Kuu ya Pili.

Warundi waliuita ugonjwa huo sutama. Msomaji wa Kiswahili atalisikia mara moja neno letu chutama, maana mgonjwa alijikunyata kwa maumivu ya misuli. Tiba ilikuwa miligramu 200 za doksisaiklini, mara moja tu, pamoja na kuwaangamiza chawa waliokuwa katika nguo. Mkasi na wembe havikuwa na kazi hapo.

Hata hivyo, katika shule nyingi za Afrika Mashariki chawa akitajwa, macho huelekea kwenye nywele. Ni kweli kwamba kunyoa humwondoa chawa wa kichwa. Lakini mtoto anyolewaye mbele ya wenzake, au arudishwaye nyumbani, hupoteza masomo na heshima kwa sababu ya mdudu asiyeua. Wako pia wazazi wanaopaka mafuta ya taa, nayo huunguza ngozi na huweza kushika moto. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeshauri kwamba mtoto mwenye chawa asizuiwe kuhudhuria shule. Njia iliyo salama ni kulowanisha nywele, kuzichana kwa kitana chenye meno yaliyobanana, na kurudia kila baada ya siku chache kwa majuma mawili au zaidi, kwa kuwa mayai huanguliwa baada ya siku saba hadi kumi. Aidha, wote wa nyumba moja hukaguliwa siku ileile.

Hapo ndipo methali inapopata tena maana yake ya asili. Mama aliyempakata mwanawe akimpekua nywele alijua kwamba chawa huvunjwa kwa kucha mbili. Shule ikiwa peke yake ni kidole kimoja; nyumba ni cha pili. Na kabla ya vidole hivyo kukutana, yapasa tujue ni chawa yupi tunayemtafuta.