Mashua Zilizopita Juu ya Nchi Kavu

Mtu akisimulia habari za vita vya majini hapa Likasi, huenda wengine watacheka. Bahari iko wapi? Sisi ni watu wa milima na shaba, na pwani ni mbali kila upande. Hata hivyo vita vya majini vilipita katika nchi yetu, tena vilipita juu ya nchi kavu. Chanzo chake ni shambulio moja la ghafula katika Ziwa Tanganyika, tarehe 22 Agosti 1914.

Kwanza tukumbuke hali ya siku zile. Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Wadachi, yaani Wajerumani, yaliingia Ubelgiji. Huku Kongo wakubwa wa serikali walitumaini kwamba vita vya Ulaya havitafika Afrika, maana mapatano ya Berlin ya mwaka 1885 yaliziruhusu nchi za bonde la Kongo kukaa kando wakati wa vita. Kwa hiyo askari wa mpakani waliamriwa wajilinde tu, wasianze ugomvi. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, ilikuwa nchi ya Wadachi.

Mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, penye mji ulioitwa baadaye Albertville na leo Kalemie, Wabelgiji walikuwa na meli ndogo ya moshi, jina lake Alexandre Delcommune. Siku ile ya 22 Agosti ikatokea meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ikaipiga kwa mizinga. Delcommune ikaharibika. Ukilitazama kwa macho tu, lilikuwa jambo dogo: meli moja ndogo imepigwa na nyingine. Lakini tarehe 28 Agosti serikali ya Ubelgiji ikatoa ruhusa Kongo iingie vitani. Na ziwa lote, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650, likawa mikononi mwa Wadachi. Mwenye meli aliweza kupeleka askari wake pwani yoyote apendayo, na asiye nayo alikaa akingoja kupigwa.

Mambo kama hayo yalitokea na Unguja. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wadachi, Königsberg, iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Ikaipiga alfajiri, wakafa watu 38.

Sasa Waingereza na Wabelgiji wakatafuta njia ya kulipata ziwa. Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, aliwashauri wakubwa wa London: leteni mashua ndogo zenye mwendo wa kasi, mzipitishe Katanga. Shauri likakubaliwa. Mashua zilikuwa mbili, kila moja yapata meta 12 kwa urefu. Mkuu wa safari, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kwanza kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Ndipo akazipa majina ya Kifaransa cha watoto wadogo: Mimi na Toutou. Msomaji wa Kiswahili atacheka kwa jina hilo la kwanza.

Waliondoka Uingereza mwezi wa Juni 1915. Kutoka Cape Town mashua zilipakiwa katika gari la moshi, zikapita Bulawayo, zikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwishoni mwa Julai. Kisha zikapita katika nchi yetu hii ya shaba mpaka Fungurume. Hapo reli ilikuwa imekoma, maana ilifika Bukama mwaka 1918 tu. Mbele yao palikuwa na pori, mito, na milima ya Mitumba yenye kimo cha karibu meta 2,000. Kazi iliyofuata ilichukua majuma zaidi ya saba, kutoka mwanzo wa Agosti hadi mwisho wa Septemba.

Fikirini kazi hiyo. Njia ilikatwa katika msitu. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa miti. Mashua ziliwekwa juu ya magari ya magurudumu, zikavutwa na mashine mbili za moshi, na penye mlima mkali zikavutwa na ng'ombe na watu kwa kamba. Mashine za moshi hunywa maji mengi, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Basi wanawake wa vijiji wakachukua maji vichwani kutoka mbali, mashine zikanywa, safari ikaendelea. Baadaye mashua zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda tena gari la moshi, zikafika Lukuga mwezi wa Oktoba.

Mwisho wake wengi wanaujua. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Wadachi Kingani ikatekwa. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann, ile ile iliyopiga Lukuga. Mwezi wa Julai Wadachi wenyewe wakaizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikaitwa Liemba, ikawachukua abiria wa ziwani kwa miaka mingi sana, hata baada ya mwaka 2000.

Ziko picha zilizopigwa katika safari ile. Ndani yake tunaona mashua juu ya magurudumu, mashine ikitoa moshi, Wazungu wamevaa kofia za jua. Jina la mashua linajulikana, na la mkuu wa safari pia. Masimulizi nayo yapo: daktari wa safari, Hanschell, alieleza habari zake, na Peter Shankland akazitoa katika kitabu mwaka 1968. Nazo si habari mbaya, maana yeye aliyaona kwa macho yake.

Lakini itazameni picha mara ya pili. Acheni mashua, watazameni wenye kamba. Hao ni akina nani? Walitoka kijiji gani? Nani alirudi nyumbani, na nani hakurudi? Picha haisemi. Sauti ya watu wa nchi imebaki kidogo tu: Waholoholo wa pwani ya ziwa walimpa Spicer-Simson jina la Bwana Chifunga Tumbo, kwa sababu ya nguo aliyojifunga kiunoni kama sketi. Kwa neno hilo moja twajua kwamba na wao walitazama, wakapima, wakacheka.

Wamarekani walipigwa ghafula namna hiyo huko Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Katika merikebu Arizona peke yake walikufa 1,177, na majina yao yote yamechorwa katika ukuta wa marumaru. Mjukuu akienda, aweka kidole juu ya jina la babu yake. Kwa vita vya Afrika ya Mashariki, serikali ya Kongo ilichukua wapagazi zaidi ya 200,000, wengi wao kwa nguvu. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Mjukuu wa mpagazi aweke kidole wapi?

Waliovuta kamba mwaka 1915 wamekufa wote. Lakini neno la babu hukaa katika nyumba kwa muda mrefu. Huenda katika ukoo wako, upande wa Fungurume, Bukama au Kalemie, kuna aliyesikia kwamba babu wa babu alichukua mizigo ya vita, au kwamba bibi alipeleka maji kwa mashine ya Wazungu. Mwulize mzee wako mwaka huu, usingoje mwaka ujao. Andika jina, kijiji, na neno alilosema, hata kama ni mistari mitatu. Na picha za jamaa zilizomo sandukuni mwako, ziandike nyuma kwa kalamu ya risasi: huyu ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Leo unawajua wote, kwa hiyo waona kazi hiyo ni bure. Wajukuu wako hawatawajua, nao watawatazama kama sisi tunavyowatazama wale wenye kamba.