Ukienda kwa wenye chongo, uliza kwanza

Ramadhani moja nilifungua simu nikakuta salamu za mfungo kutoka hoteli moja ya hapa Pwani. Maneno mazuri, hilali imechorwa vyema, lakini nyuma yake meza ya chakula na chupa ya mvinyo. Kufikia Magharibi maoni yalikuwa hasira tupu. Hoteli ilifuta salamu zile, lakini picha zilishasambaa kwenye WhatsApp. Sidhani palikuwa na nia mbaya. Naamini tu kwamba hakuna Muislamu aliyeonyeshwa kabla, na hoteli za Pwani hazikosi wafanyakazi Waislamu.

Hata wakubwa huteleza. Novemba 2018 kampuni ya mitindo ya Italia, Dolce & Gabbana, ilikuwa na onyesho kubwa mjini Shanghai, China. Video za kulitangaza zilimwonyesha mwanamke wa Kichina akihangaika kula piza na tambi kwa vijiti. Wachina wengi waliona wanadhihakiwa. Kisha zikasambaa jumbe za kuitusi China kutoka akaunti ya Instagram ya Stefano Gabbana. Kampuni ikadai akaunti ilidukuliwa. Onyesho lilifutwa saa chache kabla ya kuanza, na maduka makubwa ya mtandaoni ya China yakaondoa bidhaa zake.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Mwaka 2012 IKEA, kampuni ya samani iliyoanzia Uswidi, ilitoa katalogi ya Saudia ambamo wanawake walikuwa wamefutwa kwenye picha. Lawama zilitoka kwao Uswidi, hata serikalini, na kampuni ikakiri kuwa ilikwenda kinyume na maadili yake. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hawakusema ung'oe yote mawili. Siku hizi kinachotolewa Riyadh husomwa Stockholm.

Basi mwenye biashara azingatie haya:

Kwanza, ajue wateja wako mtandao gani. China ilifunga Facebook mwaka 2009. Watu wake wako WeChat na Weibo. Wajapani wengi hutumia LINE.

Pili, kutafsiri maneno hakutoshi. Picha, rangi na siku ya kutuma nazo zinasema.

Tatu, mwenyeji aulizwe kabla ya kutuma, na awe na ruhusa ya kusema hapana.

Nne, akikosea aombe radhi upesi bila visingizio.

Kwetu hili si geni. Kwa miaka mingi leso zetu zilichapishwa Ulaya, baadaye Asia, lakini viwanda vilitegemea wafanyabiashara wa Pwani kuchagua mtindo na jina. Kiwanda kilijua kuchapa. Mwenye duka Mombasa alijua ni jina gani mwanamke atalinunua ili jirani yake alisome. Hoteli ile nayo ingemuuliza mpishi wake tu.