Mwaka Mmoja wa Neptuni



Usiku wa kiangazi pale Mbesa, mbingu ikiwa haina wingu, mtu aketiye uani aweza kuziona sayari, kila moja kwa wakati wake, bila chombo chochote: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hizo tano zilijulikana tangu zamani za kale. Lakini leo twataka kuwasimulia habari za sayari ambayo hata mwenye macho makali kupita wote hawezi kuiona. Jina lake ni Neptuni, nayo huzunguka mbali kuliko sayari zote za jua letu.

Umbali wake kutoka kwenye jua ni kama maili milioni 2,800. Nuru ya jua hutufikia sisi kwa muda wa dakika nane, lakini kufika Neptuni yahitaji zaidi ya saa nne. Upana wake ni karibu mara nne ya upana wa dunia. Wataalamu huiita jitu la barafu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji na vitu vingine ambavyo kwetu hugandishwa na baridi kali. Ila msidhani ya kuwa ni barafu ngumu kama ile ya kilele cha Kilimanjaro. Juu kwenye mawingu yake baridi hufika digrii 200 chini ya sifuri, na pepo huvuma kupita maili 1,000 kwa saa. Lakini ndani vitu hivyo vimebanwa na kupashwa moto hata vikawa kama uji mzito. Hakuna mahali pa kukanyaga.

Basi sayari isiyoonekana ilijulikanaje? Mwindaji aonapo majani marefu yakitikisika na upepo haupo, husema, "Hapa pana mnyama." Hajamwona mnyama, ameona kazi yake. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1781 William Herschel, akiwa Uingereza, aliiona kwa darubini sayari ya saba, Uranusi. Wataalamu wakaipigia hesabu njia yake. Lakini Uranusi haikuifuata hesabu hiyo: kwanza ilitangulia kidogo, kisha ikachelewa. Wengine wakasema labda hesabu ina kosa. Wawili wakasema iko sayari nyingine huko mbele inayoivuta. Hao walikuwa Adams wa Uingereza na Le Verrier wa Ufaransa, na kila mmoja alifanya kazi yake pasipo kujua kazi ya mwenziwe.

Le Verrier akamwandikia barua Galle, aliyekuwa mjini Berlin, akamwonyesha mahali pa kutazama. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Usiku ule ule Galle akaielekeza darubini, na kijana mwanafunzi, d'Arrest, akashika ramani ya nyota. Galle alitaja nyota moja moja, na kijana akizitafuta katika ramani. Hata ilipotajwa moja, kijana akasema kwamba hiyo haimo. Ndiyo iliyokuwa Neptuni, karibu sana na mahali palipotajwa katika barua.

Sasa angalieni jambo hili. Zaidi ya miaka 230 kabla ya usiku huo, Galileo wa Italia alikuwa ameiona Neptuni kwa darubini yake, mwishoni mwa mwaka 1612 na tena mapema mwaka 1613. Akaitia alama katika daftari lake, akidhani ni nyota tu. Kuona si kujua. Lakini kwa sababu aliandika, sisi twajua leo kwamba aliiona.

Na hesabu hiyo ya mbingu, iwezayo kwenda mbele kuitafuta sayari, yaweza pia kurudi nyuma kutafuta siku iliyopotea. Wazee wa Kingoni walisimulia kwamba siku babu zao walipouvuka mto Zambezi, wakitoka kusini pamoja na mfalme wao Zwangendaba, jua lilipatwa mchana. Hawakuwa na kitabu wala kalenda; walikuwa na kumbukumbu tu. Wataalamu wakaihesabu njia ya jua na mwezi, wakakuta ya kuwa kupatwa huko kulitukia tarehe 20 Novemba 1835. Basi neno la wazee likapata tarehe yake, na shahidi wake ni mbingu. Baadaye baadhi ya watu hao walikuja kukaa katika nchi ya Songea.

Mwaka wa Neptuni, yaani muda wa kulizunguka jua mara moja, ni karibu miaka 165 ya kwetu. Usiku ule Galle alipoiona, Seyyid Said alikuwa akitawala Unguja, na misafara ilikuwa ikipita katika nchi ya Wayao kwenda Kilwa. Neptuni ilikuwa imekwenda zaidi kidogo ya theluthi ya safari yake tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga mashujaa wa Majimaji huko Songea. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa imepita theluthi mbili. Mwaka 1989 chombo cha Wamarekani kiitwacho Voyager 2, kilichoondoka duniani mwaka 1977, kiliipita karibu, na habari zake zilizoletwa kwa redio zilichukua zaidi ya saa nne kutufikia, ingawa sauti ya redio kutoka Dar es Salaam hufika Mbesa kabla mtu hajapepesa jicho. Hata mwezi wa Julai mwaka 2011 ndipo Neptuni ilipoumaliza mwaka wake wa kwanza tangu kujulikana.

Ukoloni wa Kijerumani ulikuja ukaondoka, wa Kiingereza nao vivyo hivyo, na yote hayo ni ndani ya mwaka mmoja wa sayari hiyo. Hakuna mwanadamu awezaye kuuona mwaka huo tangu mwanzo hata mwisho. Mmoja huona, mwingine huhesabu, wa tatu huja baadaye akayakuta maandishi yao.

Kwa hiyo, enyi watoto, mzee akikusimulieni kwamba alizaliwa mwaka fulani wa njaa, au siku jua lilipotiwa giza, msicheke mkasema hajui tarehe. Chukueni daftari mkaandike maneno yake kama alivyoyasema. Huenda yuko mtu atakayeyahitaji kabla Neptuni haijamaliza mwaka wake wa pili.

Kwaherini.